Dada Watatu wa Nakiru

Jumanne moja ya Novemba 1976, baada ya uji wa saa nne, mwalimu Jepkoech alichora duara ubaoni katika shule moja ya wasichana mjini Lodwar. Aliwaeleza kidato cha tatu kwamba seli inayotengeneza yai, ambayo mwanamke huwa nayo tangu akiwa tumboni mwa mama yake, ina kromosomu arobaini na sita, na hugawanyika mara mbili. Mwishowe huweza kupatikana seli nne, kila moja na kromosomu ishirini na tatu.

"Lakini karibu chakula chote huchukuliwa na moja," alisema. "Hiyo ndiyo huwa yai." Akachora moja kubwa na tatu ndogo; chini ya zile tatu ndogo akaandika: hufa.

Mlango ukafunguliwa. Waliingia wasichana watatu wembamba sana, wenye pua na mwanya wa Nakiru, aliyekaa dawati la mbele.

"Ejok," walisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi," akaitika Nakiru, akasogea kuwapa nafasi.

Mwalimu alifuta lile neno, akaendelea na somo.

Alasiri aliwapa jaribio. Walipata alama sawa na Nakiru, ila mikono yao ilichoka haraka kushika kalamu. Jepkoech akawapeleka kwa mwalimu mkuu, Bwana Cornelius, waandikishwe.

"Baba yao, Mzee Lomunokol, alipewa nafasi ya binti mmoja," alisema Cornelius. "Akamchagua Nakiru."

"Kila mmoja wao ana ishirini na tatu kamili, bwana. Walichokosa ni chakula tu."

"Nafasi ni moja, mwalimu."

Shule ilipofungwa, Nakiru alipanda lori pamoja nao hadi nyumbani Kakuma. Mama yake, Akal, alikuwa akichota maji kwenye kisima cha mchangani, katikati ya mto mkavu. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Mlianza kuumbwa nikiwa tumboni mwa mama yangu," alisema. "Mbona mmechelewa?"

"Njaa, mama," alijibu mkubwa wao.

Akal aliwapa maziwa ya ngamia, akawavisha shanga. Kufikia Krismasi walikuwa wamenenepa. Lomunokol aliporudi kutoka malishoni aliwasalimia vizuri, akasema wa shule tayari yupo, hawa watachunga mbuzi. Nakiru alimwomba mara mbili. Hakubadili neno. Basi kila asubuhi Nakiru aliwafundisha, akiandika mchangani kwa kijiti, nao walishika yote.

Januari walimsindikiza barabarani, sanduku lake vichwani mwao kwa zamu. Lori lilipoondoka, waliswaga mbuzi kuelekea malishoni, wakibishana kuhusu mzunguko wa damu. Mkubwa wao ndiye aliyekuwa sahihi.