Wa Mwisho Kuhamia Tangini

Ufunguo ulining'inia kwenye kidole cha meneja, na shangazi yangu hakuupokea. Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Makofi yakafifia moja moja, kama mvua inayokatika.

"Mama, chukua," meneja alisema, bado akitabasamu. "Nyumba ya kwanza ni yako."

"Na wenzangu wa ukuta wa chini?"

"Watafuata baadaye."

"Baadaye lini, baba?"

Meneja akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akafunua daftari lake, akalifunga tena.

Pale tuliposimama palikuwa zamani tangi la maji la mji, shimo la zege pana kama uwanja wa mpira, lililokaushwa kabla sijazaliwa. Sisi tuliishi kwenye vibanda vilivyoegemea ukuta wake kwa nje, upande wa bondeni tuliouita ukuta wa chini, na unyevu wake ulihamia vifuani mwetu. Kampuni ilipotaka kujenga nyumba humo ndani, majirani waligoma. Shangazi, aliyenilea kwa cherehani yake, ndiye aliyepita mlango kwa mlango akiwaomba wakubali, kwa ahadi ya kampuni kwamba kila kibanda kitapata nyumba.

"Nitaingia," alisema siku ile, sauti yake ikigonga kuta na kuturudia, "mwenzangu wa mwisho akishaingia."

Nilikuwa msichana mdogo, na nilikasirika. Njiani nilimuuliza kwa nini tulale chini ya mabati yanayovuja ilhali tuna nyumba.

"Sisi tunayo," alinijibu. "Fundi viatu hana, na mkewe hawezi hata kusimama. Nani alimwambia akubali? Si mimi?"

Watu wa kampuni walimfuata mara nyingi. Walimbembeleza, kisha wakamtisha kwamba nafasi atapewa mwingine. Aliwasikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, na wakishaondoka alicheka. "Hawa hawajazoea kusubiri. Mimi nimezoea."

Nyumba ile ya kwanza ikabaki tupu, mbele kabisa ya lango. Kila mgeni aliyekuja kutazama mradi aliuliza kwa nini imefungwa, na mafundi, ambao shangazi aliwashonea ovaroli, walimweleza kinagaubaga. Msimu mmoja wa mvua ukapita, ukaja wa pili. Hatimaye meneja akachoka kuona haya. Winchi ya ujenzi ikahamishiwa ukuta wa chini, na nyumba za wenzetu zikaanza kujengwa.

Siku fundi viatu, wa mwisho kati yao, alipohamia, vijana walimbeba mkewe kwenye kiti, yeye akiwaelekeza kama dereva. Shangazi aliwafungulia mlango, akawatandikia kitanda, akahakikisha bomba linatoa maji. Ndipo aliponigeukia: "Haya, twende kwetu."

Cherehani tuliiweka chini ya dirisha lililotobolewa kwenye ule ukuta mnene wa tangi. Nilisimama mbele ya shangazi, nikingoja aseme neno kubwa. Alikaa, akalamba ncha ya uzi, akaikazia macho sindano.

"Sogea, mwanangu," alisema. "Unanizibia mwanga."