Foleni ya Dola

Mama Vifungo aliipakata suti ya mwanawe kwenye kiti cha benki, akichelea isijikunje. Aliishona mwenyewe kwa vipimo alivyovijua kichwani, mkono wa kushoto mrefu kidogo kuliko wa kulia. Ilikuwa suti ya kuzikwa nayo.

Kijana alianguka kutoka ghorofa alilokuwa akilipaka rangi na wenzake huko ugenini, na mwili ukabaki mochwari ya hukohuko. Mochwari ilitaka ada kila mwezi, tena kwa dola. Benki ikampa mama utaratibu mwepesi: asaini mara moja, kila tarehe mosi wakate wenyewe kwenye akaunti yake na kutuma. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chake kilipimwa kwa dola, na dola ilipanda kila alipomaliza kushona sare nyingine. Simu ikilia kuonyesha wamekata, alimwambia bintiye, "Kaka yako amelipiwa," wakanywa uji bila sukari.

Leo alikuwa na furaha, Mungu amsamehe. Majirani walikuwa wamemchangia nauli ya kumrudisha marehemu, naye alikuja kuituma.

Karani alibofya, akakunja uso. Alimwambia malipo ya miezi mitatu bado hayajatoka.

"Mbona mlikata, mwanangu?"

"Tulikata pesa za hapa, mama. Dola hazikuwepo. Umo kwenye foleni."

Meneja alikuwa akimsindikiza muuza magari mlangoni, wanacheka. Muuza magari alikuwa amepata dola zake asubuhi ileile. Karani alimwona mama akiwatazama.

"Wale wana foleni yao," alisema kwa sauti ya chini.

Mwenye nguvu mpishe, hata kama umebeba maiti. Mama Vifungo alirudi kitini, akampigia rafiki wa mwanawe, yule waliyekuwa wakipaka rangi pamoja. Simu iliita sana kabla ya kupokewa.

"Walimzika Jumanne, mama," rafiki alisema. "Pamoja na wasio na wenyewe. Walisema hakuna anayemlipia."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Nilidhani umechoka. Nikaona aibu kukuuliza."

Hapo ndipo moyo ulipompasuka. Si kaburi lenye namba badala ya jina, bali kwamba kuna mtu duniani aliyeamini kuwa amemchoka mwanawe, akamstahi kwa kunyamaza.

Alirudi dirishani kuomba wasikate tena. Karani alimpa pole, na alimaanisha. Lakini utaratibu ulitaka barua ya mochwari kwamba hawamdai tena, na mochwari haitoi barua kwa mtu wanayemdai miezi mitatu.

"Na hiyo miezi mitatu?"

"Imo kwenye foleni, mama."

Tarehe mosi ilimkuta kwenye cherehani. Suti ilining'inia msumarini. Mteja mmoja alikuwa ameijaribu akaivua, mkono mmoja ulimzidi. Simu ikalia: *Ndugu mteja, malipo yako ya mwezi yamekatwa. Asante kwa kutuamini.*

Mama Vifungo alifuta miwani kwa kitambaa cha sare. Akaandika kwa kidole gumba, herufi moja moja: *Ameshazikwa.* Akatuma.

Jibu lilikuja upesi kuliko dola. Namba hiyo haipokei ujumbe.