Kalekye, Mkazi wa Doha

Doha hata banda la jenereta lina namba. Winfred aliliona hilo kila asubuhi akiingia zamu yake ya ulinzi kwenye jengo la ghorofa huko Fereej Bin Mahmoud: kibao cha buluu ukutani, namba ya eneo, ya mtaa, ya jengo, na walioishi ndani hawakujuana hata majina. Kwao Kavingo, Ukambani, hakuna mlango wenye namba, lakini mwulize yeyote njiani kwa Kalekye ni wapi, atakupeleka mpaka uani, na chai utakunywa. Winfred aliitamani ile chai mpaka roho ikamuuma.

Kalekye alikuwa mama yake. Miaka yote barua zake zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, kama za kijiji kizima. Mwalimu mkuu alisoma majina mbele ya wanafunzi, nao wakazibeba barua nyumbani ndani ya madaftari. Hakuna aliyeona ubaya, mpaka serikali ilipoleta pesa za wazee, na karani mmoja mjini akasema kila kaya lazima iwe na sanduku lake. La shule lilikuwa limeshaandikishwa na Laban, mwalimu mstaafu, na kompyuta haikubali mtu wa pili. Masanduku ya mjini nayo yameisha, ngojeni. Wazee wa kijiji kizima wakafungiwa nje kwa ajili ya kijisanduku ambacho hata kuku hawezi kutagia.

Kwa Winfred hilo halikuwa jambo dogo. Mshahara wake ndio uliomlisha mama na kumnunulia dawa za presha. Walikuwa wamekubaliana kwamba pesa za serikali zikianza kuingia, hatatia sahihi mkataba mwingine. Atarudi nyumbani. Alikuwa ameshanunua hata shali ya kumpelekea, akaificha chini ya kitanda chake kwenye kambi ya walinzi kule Al Rayyan.

Ndipo akapata wazo, na likampendeza kupita kiasi. Mama hakujua kusoma. Barua ikija, binamu yake Japheth huipiga picha na kumtumia Winfred, naye akamsomea mama kwa simu. Sasa izunguke ya nini? Akamwambia Japheth, aliyekuwa akifuatilia mambo ofisini, ajaze kwenye fomu ya mama sanduku la kampuni ya Winfred huko Doha, ili barua ifike moja kwa moja kwa msomaji. Ukweli usemwe, sanduku hilo nalo lilikuwa la walinzi mamia. Ni Kavingo nyingine tu, yenye kiyoyozi.

Barua ilikuja. Msimamizi wa kambi alisimama kwenye ukumbi wa chakula, akapaza sauti juu ya kelele za sahani. "Kalekye! Nani Kalekye?"

Winfred alisikia jina la mama yake likiitwa mahali ambapo halijawahi kutamkwa na mtu.

"Yuko hapa," alisema, na hakujua kwa nini alijibu hivyo.

Aliifungua pale pale. Ofisi ya pesa za wazee ilimshukuru Bi. Kalekye kwa ombi lake. Kwa mujibu wa anwani aliyotoa, yeye ni mkazi wa Doha, na mpango huu ni wa wazee waishio nchini. Jina lake limeondolewa. Kama ana malalamiko, afike mwenyewe na uthibitisho wa sanduku lake la posta.

Omondi, mwenzake wa zamu, alikuwa akisoma juu ya bega lake. "Wee Winfred! Umemletea mathe visa bila agent! Watu huuza shamba ndio wafike huku." Kisha akauona uso wake, akaacha kucheka. "Pole, sista. Si utakata rufaa tu."

"Kwa sanduku gani?"

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alimpigia mama.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Mwaitu, mama yangu, wamekataa. Kosa ni langu. Wanasema huishi Kavingo. Wanasema unaishi huku, kwangu."

Jogoo aliwika huko nyuma. Kisha mama akaangua kicheko, kile kicheko chake cha kushika mbavu. "Mimi? Huko? Na ninafanya nini?"

"Umekaa tu kitandani mwangu, unanigombeza kwamba nimekonda."

"Basi niambie," mama alisema, na sasa hakuwa akicheka tena, "kama naishi kwako, mbona kila jioni napakua sahani yako hapa?"

Jumapili Winfred alitia sahihi mkataba mwingine. Aliporudi kambini aliitoa ile shali chini ya kitanda, akaitandika juu yake, upande wa ukutani, pale ambapo Kalekye alikuwa akiishi.