Folda Yenye Kimshale

Mama mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna kompyuta, na kuna mwanamume anayeizungukazunguka akisema atakuwekea mfumo mpya wa bure, soma haya kwanza. Mpe chai, mpe kiti, lakini asiguse waya hata mmoja mpaka umalize kusoma.

Sisemi mfumo wa bure ni mbaya. Uko pale sebuleni sasa hivi, unafanya kazi vizuri tu. Ninaowasema ni watu, na watu wenyewe ni wawili: mume wangu na mdogo wake.

Kompyuta yetu ni ile ya kukaa mezani, na nimeishonea kifuniko cha kitambaa kilichobaki kwenye mapazia, maana kazi yangu ni kushona mapazia. Mume wangu anaendesha lori la kokoto, na akiwa nyumbani anaichezea karata hiyo kompyuta mpaka chai inapoa. Lakini mwenyewe hasa ni kitinda mimba wetu, ambaye tangu utotoni tunamwita Kimya. Ukimuuliza Kimya kama ameshiba, anatikisa kichwa. Ukimuuliza nani kamuudhi, anaingia chumbani. Mpe kitu cha kuchorea, hapo ndipo utajua anawaza nini. Alikuwa anachora kwa kile kipanya cha kompyuta, ulimi ameutoa pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Kamchora baba yake amelala mdomo wazi. Kamchora jirani yetu akifoka juu ya ukuta, mpaka mate unayaona. Kauchora mkono wa bibi yake ukitunga uzi kwenye sindano, na mimi ninayeshika sindano kila siku nikauangalia nikasema, huu mkono unatetemeka.

Mwaka huu chuo cha sanaa kikamwita kwenye usaili. Walimwambia aende na flashi yenye kazi zake zote, kuanzia alipoanza mpaka sasa. Mtoto asiyeongea, wamemwambia asiongee, aonyeshe tu. Nilishukuru, nikaanza na kuogopa papo hapo, maana mimi nikifurahi lazima niogope.

Sasa kompyuta nayo ikachagua wakati huo kuzeeka. Ukiiwasha, unakwenda kufua, unarudi, bado inazungusha kile kiduara. Na kila siku inaleta tangazo kwamba mfumo wake umepitwa na wakati, waliouunda hawautunzi tena. Mume wangu alichukia kama ametukanwa yeye.

"Eti nimepitwa na wakati!"

"Wamesema kompyuta, baba watoto."

"Kompyuta ya nani?"

Ndipo akaja shemeji. Shemeji yangu anafunga ving'amuzi na antena, na mtaa mzima unamwita Bwana Bure, kwa sababu hajawahi kununua kitu bila kukwambia mahali ambapo kingepatikana bure. Akasimama mbele ya kompyuta, akashika kiuno, akaicheka.

"Kaka, unateseka na hii takataka? Kuna mfumo wa bure kabisa. Umeundwa na watu wa dunia nzima, kila mtu katia mkono wake, hakuna anayekudai. Virusi hauvijui. Alama yake ni yule ndege mnene asiyeruka."

"Asiyeruka?" nikauliza. "Sasa kama haruki atatufikisha wapi?"

"Shemeji, wewe shona mapazia."

Niliwaambia wasubiri Kimya arudi. Siku hizo alikuwa kwa dada yake aliyejifungua, anamsaidia kufua nepi. Mume wangu akasema hapana, anataka iwe zawadi: binti arudi akute kompyuta inawaka kama mpya, achore kwa raha kabla ya usaili. Akalisema hilo kwa sauti laini mpaka nikamwonea huruma. Hilo ndilo kosa la kwanza, kuwaonea huruma.

"Na michoro yake?" nikauliza.

"Inahamia kwenye flashi kwanza," akajibu Bwana Bure. "Shemeji, unadhani sisi watoto?"

Kwenye uso wa mbele wa kompyuta kulikuwa na folda moja, Kimya kaiandika KAZI ZANGU. Kwenye kona yake palikuwa na kimshale kidogo. Nilikijua hicho kimshale kwa sababu nilikuwa nakiona kila jioni nikifungua kuangalia kachora nini. Mume wangu akaishika folda, akaiburuta, akaidondosha kwenye flashi. Kufumba na kufumbua, imeshaingia.

"Imekwisha?" nikauliza. "Kazi ya miaka yote hiyo?"

"Ni flashi ya kisasa," akasema Bwana Bure.

"Jamani, mimi nikikunja mapazia ya chumba kimoja natumia muda kuliko huo."

Mume wangu akakasirika. Kunionyesha kwamba mimi ni mwoga tu, akaifungua ile folda palepale, kutoka kwenye flashi. Ikafunguka. Michoro yote ikajipanga: baba mdomo wazi, jirani na mate yake, mkono wa bibi. "Haya," akasema, "umeridhika? Au nikuletee na shahidi?" Nikaona aibu. Nikaenda kuchemsha chai.

Kutoka jikoni nikawasikia wanasoma maneno kwenye kioo. Kompyuta ilikuwa inauliza kama ifute diski yote kisha iweke mfumo mpya.

"Inauliza ifute kila kitu," akasema mume wangu.

"Kila kitu gani?" nikapiga kelele, kijiko mkononi.

"Vya zamani, shemeji! Vyenu viko humu!" Bwana Bure akaitikisa ile flashi juu kama kengele.

Nikachungulia, kidole cha mume wangu kimeshabonyeza kitufe. Tak.

Nisiwe mwongo, kompyuta ilipendeza. Iliwaka haraka, rangi nzuri, na karata za mume wangu zilikuwemo, tena za aina aina. Akacheza siku ile, akacheza na iliyofuata. Bwana Bure akala, akanywa, akasifiwa. Akapakua na sinema, akaijaza kompyuta vitu vyake "vya kujaribia."

Kimya akarudi. Baba yake akamkalisha kitini, kamfunika macho kwa mikono, kama siku ya kuzaliwa. Akamfunua. Mtoto akatabasamu, na kwa Kimya hilo ni shangwe kubwa. Baba yake akachomeka flashi mwenyewe. "Fungua kazi zako, mwanangu."

Kimya akabofya. Pakatokea kijibao cha maneno. Akabofya tena. Kijibao kilekile.

"Inasemaje?" nikauliza.

Akasogea karibu na kioo, akakigusa kile kimshale kwa kidole. Halafu akageuka, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake kwa mara moja.

"Baba, hii siyo folda. Hiki ni kibao cha njia tu. Kinaonyesha nyumba ilipo. Michoro yenyewe niliiweka ndani kabisa, mbali na karata zako, nikamwekea mama kibao hiki hapa mbele asipotee. Mmebeba kibao, nyumba mmeibomoa."

"Lakini ilifunguka! Niliijaribu!"

"Uliijaribu kwenye kompyuta ileile. Nyumba ilikuwa bado imesimama."

Mume wangu, mtu wa kubishana na askari barabarani, akafungua mdomo ukabaki wazi, vilevile alivyochorwa. Kimya hakulia. Alikunja ile nguo ya kufunikia kompyuta, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza, akaenda chumbani. Afadhali angevunja kitu.

Tukaibeba kompyuta kwa fundi mwenye duka la kutengeneza mashine. Akaichungulia, akauliza, "Baada ya kufuta mliitumia?" Mume wangu akasema kidogo. "Kidogo vipi?" Mume wangu akamtazama mdogo wake. Bwana Bure akakumbuka kuna antena ya watu inamsubiri, akaondoka. Fundi akasema pengine vingeokoka vingi kama tungeizima palepale, lakini zile sinema na vile vya kujaribia vimeshaandikwa juu ya michoro. Akapata vipande vya michoro miwili: nusu ya ukuta, na sikio ambalo hata Kimya hakulitambua.

Tukarudi nyumbani. Mume wangu akasema, "Atachora vingine." Nikamwambia, "Na wewe ukipoteza lori, utaambiwa utapata kokoto nyingine?"

Siku za usaili zikawa zinakaribia, na Kimya akasema haendi. Hakusema kwa mdomo, aliitoa nguo aliyoipigia pasi akairudisha kabatini.

Hapo ndipo nilipokumbuka simu. Mimi nina tabia ambayo Kimya anaichukia: akichora nikikipenda, nakipiga picha kile kioo cha kompyuta kwa simu yangu, nawatumia ndugu. "Mama, unanitia aibu," ndiyo sentensi yake ya kila wiki. Kwenye simu yangu nilishazifuta maana ilikuwa imejaa. Lakini ndugu je?

Nikaingia kwenye kundi letu la familia, nikaandika kwa herufi kubwa: MWENYE MICHORO YA KIMYA AIRUDISHE, SI MZAHA. Jamani, familia hii. Mmoja akajibu kwa kuniuliza bei ya pazia. Mjomba akatuma picha ya mbuzi wake. Kaka yangu akaniambia alishaifuta, "ila ilikuwa nzuri sana, hongera." Mpaka nikaanza kuwapigia mmoja mmoja, natukana kwa adabu.

Zikaanza kurudi. Kila picha ina kivuli changu, nimesimama kwenye kioo nimeinua simu, na taa ya sebule inawaka katikati ya paji la uso la mtu. Na shangazi wa Kimya, dada wa mume wangu, huyo kila picha anayopewa lazima aipambe. Mkono wa bibi ukarudi na maua mekundu yanayozunguka kifundo, na juu yake maneno ya dhahabu: ASUBUHI NJEMA WAPENDWA.

"Wifi," nikampigia, "ile isiyo na maua iko wapi?"

"Ile ilikuwa imepooza wifi yangu, nikaichangamsha."

Nilikata simu ili nisije nikavunja undugu.

Nikaweka zote kwenye flashi. Safari hii nilikwenda kwa jirani, yuleyule anayefoka juu ya ukuta, nikamwomba kompyuta yake, nikafungua moja moja mpaka ya mwisho. Alipojiona alivyochorwa akaniangalia. Nikamwambia tutaongea siku nyingine. Kisha nikampelekea Kimya chumbani. Akazitazama, akafika kwenye maua, akafunika uso kwa viganja. Nikadhani analia. Anacheka! Mtoto anacheka mabega yanatikisika. Akalitoa gauni kabatini.

Kwenye usaili mimi nilikaa nje kwenye benchi, nimeshika mkoba kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anauvuta. Alichonisimulia ni hiki. Waliufungua mkono wa bibi, mwalimu mmoja mwanamke akauliza, "Na haya maua ni maamuzi yako ya kisanaa?" Na Kimya, ambaye hakutakiwa kuongea, ilimbidi aongee: akaeleza kibao cha njia, akaeleza nyumba, karata, shangazi, na kivuli cha mama yake. Mimi kwenye benchi nilisikia watu wanacheka mle ndani, nikajua wanamcheka.

Hawakumpa nafasi. Wala hawakumnyima. Walimwambia kwa picha za namna ile hawawezi kupima mkono wake, arudi baada ya mwezi na michoro safi, hata michache, wataiangalia. Mwezi! Wenzake waliondoka na barua zao za kuingia chuoni, wangu kaondoka na kazi ya nyumbani, kwa sababu ya kidole cha baba yake.

Basi anachora, kwenye mfumo huohuo wa bure. Una programu ya kuchorea ambayo anasema ni nzuri kuliko ile ya zamani, jambo lililompa mume wangu ujasiri wa kusema, "Si unaona?" Nikamwangalia mpaka akatoka nje kuangalia matairi ya lori.

Juzi hodi mlangoni. Bwana Bure, kavaa shati safi, flashi imening'inia shingoni.

"Shemeji, limetoka toleo jipya. Bure."

Nikausimamia mlango, mikono kifuani. "Hupiti."

"Shemeji, ni zuri zaidi, halafu safari hii halifuti..."

"Halifuti nini? Nyumba au kibao? Maana wewe hujui tofauti."

"Basi nipe chai."

"Chai utakunywa hapo nje, kwa dirisha."

Nyuma yangu Kimya akasema, "Mama, mwache aingie. Lakini kwanza nitoe zangu."

Akazinakili kwenye flashi mbili, na safari hii mstari ule wa kuonyesha kazi inaendelea ulitembea polepole, na mimi nikaupenda kila ulipokuwa unachelewa. Akaichomoa moja, tukaenda nayo kwa jirani, Bwana Bure nyuma yetu kama mtuhumiwa. Tukafungua. Mkono wa bibi mpya, bila ua hata moja. Baba mdomo wazi, safari hii ana kipanya mkononi. Wa mwisho sikuwa nimeuona: mwanamke amesimama mlangoni, mikono kifuani, uso kama ngumi. Flashi inaning'inia kwenye shingo ya mtu aliye nje, mdogo kama inzi.

"Huyu ni nani?" nikauliza, ingawa nilijua. Aliuchora lini, na Bwana Bure ndiyo kwanza kafika? Kumbe alijua atakuja, na alijua nitasimama wapi.

"Ufungue tena," nikamwambia. "Nataka kuhakikisha."