Kurasa Kumi za Mama Marthe

Wilfried alikuwa ameapa mara nyingi kwamba programu yake haina kosa, hata watu wa ofisi wakachoka kukisikia kiapo hicho. Kila siku, ikikaribia saa tano, programu iliganda. Jumatatu akalaumu vumbi. Jumanne akalaumu jenereta. Jumatano akawasingizia panya, maskini, ambao hawakuwa na wakili. Kwamba kosa huenda ni lake mwenyewe, hilo halikumpitia kichwani. Msomi aliyetoka Lubumbashi hakosei, hukosewa.

Ulikuwa mwaka wa 2003. Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa sahihi huko mbali, ila bunduki za Fizi, mashariki mwa Kongo, zilikuwa bado hazijapata barua. Shirika dogo lilikodi nyumba ya matofali karibu na soko la Baraka ili kuwatafutia wazazi watoto waliopotea katika mbio za vita. Hifadhidata ilikaa kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza: jedwali moja la watoto, wakiwemo walioandikwa kwenye kambi za ng'ambo ya ziwa, Kigoma, na jedwali jingine la wazazi wanaowatafuta. Wilfried ndiye aliyeandika programu ya Java ya kuyasoma majedwali hayo na kumwonyesha karani, kwenye ukurasa mmoja, mzazi pamoja na mtoto anayeelekea kuwa wake. Karani alikuwa Mama Marthe, mama mtu mzima mwenye vidole vizito na moyo mwepesi.

Alhamisi hiyo, saa saba ikiwa imepita, akaingia mwanamke mmoja miguu imemvimba. Aliitwa Georgette, ametembea siku tatu kutoka Lulimba. Mwanawe Patrice alimponyoka mkononi kule Misisi siku risasi zilipolia, akiwa na miaka sita. Sasa ilikuwa imepita miaka miwili. Mama Marthe akaandika jina. Programu ikaganda.

"Leo tena!" Wilfried alifoka. "Leo hasa!"

Alikuwa na sababu ya kufoka. Saa nane kamili ofisi ingezungumza na Kigoma kwa simu ya setilaiti, robo saa tu. Kesho yake alfajiri, watoto wasio na mtu wangepakiwa kwenye malori na kupelekwa kambi nyingine, mbali bara, ambako hakuna simu wala anayejua wangewekwa kwa nani. Mtoto ambaye jina lake lisingetajwa kwenye simu ile angekwenda na lori.

Wilfried akapiga magoti chini ya meza, akafungua kumbukumbu za hifadhidata. Miunganisho iliyoruhusiwa, yaani njia za kuingia humo kwa wakati mmoja, ilikuwa kumi. Ndiye aliyeiweka kumi, kwa kuwa mashine ile kongwe isingebeba zaidi. Yote kumi ilikuwa imeshikwa, na yote ilitoka kwenye mashine ya Mama Marthe.

"Mama Marthe, iko kurasa ngapi wazi hapa kwako?"

"Kumi."

"Kumi! Na juu ya nini haufunge?"

"Bamama benyewe bangali pale inje," akajibu Mama Marthe, akimshangaa. "Muntu iko mu kilio, na we unamugeuzia mugongo? Mama akikaa pale, jina ya mutoto wake inakaa hapa. Akienda kwake, nafunga. Kesho akirudi, nafungua."

Wilfried akachungulia nje kupitia mlango. Hata yeye alijua kwamba huku kwao mfiwa haachwi peke yake. Majirani hutandika mikeka wakakaa naye. Sasa Mama Marthe alikuwa ametandika mikeka ndani ya kompyuta. Kila Wilfried alipoiwasha upya mashine, mama huyu alizirudisha kurasa zake moja moja, kwa heshima zote, na kila ukurasa ukashika muunganisho wake usiuachie.

Alitaka kumgombeza, lakini hasira ikamgeukia mwenyewe. Nani aliandika hivyo? Ukurasa ulipaswa kuchukua muunganisho, kusoma, na kuurudisha papo hapo, uwe wazi au usiwe wazi. Hilo hufundishwa mwaka wa kwanza. Panya wa watu! Kurekebisha kungemlia saa nzima, na zilibaki dakika ishirini.

Akanyoosha mkono afunge ukurasa mmoja. Mama Marthe akamshika kiganja.

"Bamama banaona kioo ya mashini kupitia mulango. Juzi essence ya jenereta iliisha, kioo ikazima, Mama Godelieve akalia sawa vile mutoto amekufa leo."

"Lakini jina haipotei, mama! Iko ku disque, ndani ya mashini!"

"Enda ubaambie benyewe."

Akatoka. Kwenye benchi refu walikaa wanawake kumi. Akawaeleza: mwenzao anahitaji nafasi moja, sasa hivi, na mmoja wao akubali ukurasa wa mtoto wake ufungwe kidogo tu. Wakamtazama. Kurasa kumi, kila mama na wake, na hakuna wa kutoa. Wilfried alijichukia kwa kuwauliza.

Mwisho akainuka Mama Suzanne, aliyekaa pembeni kabisa.

"Funga ya kwangu."

"Mama, haitapotea, mi naapa..."

"Iache ipotee. Vanessa wangu nilimuzika kule Kilembwe, na hii mikono yangu. Tangu mwaka jana."

Mama Marthe alikuwa amefika mlangoni, Georgette nyuma yake. "Sasa, mama, hizi wiki tatu unakujaka kutafuta nini?"

"Ile siku ya kumuzika kila muntu alikimbia," akasema Mama Suzanne. "Hakuna mwenye alikaa na miye."

Wilfried akarudi ndani, akaufunga ukurasa wa Vanessa. Mama Marthe akaandika upya, na safari hii majedwali yakajibu: Patrice, miaka minane hivi, mama Georgette, kwao Lulimba, kovu gotini. Simu ikalia, Wilfried akalitaja jina. Sauti ya Kigoma ikakwaruza: huyo ameshaandikwa kwenye lori la kwanza, haya, tunamshusha, mwambieni mama yake asubiri boti ya wiki ijayo.

Georgette hakupiga kelele. Alikaa sakafuni palepale, akashika miguu yake iliyovimba, akalia mpaka akatosheka.

Wilfried alipotoka na barua ya safari aliyomwandikia Georgette, alikuwa bado ana hasira na hajui amlaumu nani. Mama Suzanne alikuwa anajifunga kitenge kiunoni. Hakuwa tena na ukurasa, alikuwa anaondoka. Georgette akapita mbele ya Wilfried bila kuipokea barua. Akamshika mama yule mkono, akamrudisha kwenye benchi, akakaa karibu naye.

"Vanessa alikuwa na miaka ngapi?" akamuuliza.