Kicheko cha Mama Pazia

Kicheko chenyewe kina sekunde mbili na nusu. Nakijua kwa sababu nilikikata mimi mwenyewe, saa kumi na moja jioni siku ya kupeleka kazi, bosi kasimama nyuma ya kiti changu anapumua kama pasi ya mvuke.

Kazi yetu ni kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za watu wengine. Studio ni vyumba viwili, ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi. Kimoja changu mimi na mitambo, kingine cha msemaji, katikati kioo kinene. Ukibonyeza kitufe chekundu mnasikilizana. Usipobonyeza mnaonana tu, kama samaki na mteja.

Safari hii tulipewa katuni. Si ya watoto, ole wako umwekee mtoto. Inaitwa *Ukuta Una Njaa*. Kuna mama anaishi na watoto watatu kwenye nyumba ambayo ukuta wake unameza watu, na ndani ya ukuta kuna kitu kinaitwa Mpangaji. Hakionekani, kinakohoa tu. Huyo mama naye hatumwoni uso mzima, nusu iko nyuma ya pazia siku zote, ndiyo maana mashabiki wakambatiza Mama Pazia. Sauti yake ni ya Shangazi.

Shangazi si shangazi yangu, ni wa studio nzima. Mama wa miaka sitini na ushee, mfupi, miwani ina kamba. Alianza kuigiza redioni mimi bado nafungwa viatu na mama yangu. Akikaa mbele ya maikrofoni anavua bangili zisilie, anakohoa mara moja, halafu anakuwa mtu mwingine. Akitoka, anakuuliza kama umekula.

Sehemu ya saba, mtoto wa mwisho anaingia ukutani. Mama Pazia anamwambia, "Nenda mwanangu, usiogope giza," ukuta unafunga. Sasa, ukuta umeshafunga, maneno yamekwisha, lakini mdomo wa yule mama wa katuni unaendelea kucheza. Sekunde mbili na nusu. Kwa lugha yao alikuwa ananong'ona kitu, mtafsiri wetu hakukielewa, akaacha pengo. Mdomo ukicheza bila sauti, mteja anarudisha kazi. Na Shangazi alikuwa ameshaondoka, ana miadi na daktari wa macho.

Nikafungua faili la siku moja ya mapumziko ya chai. Maikrofoni ya Shangazi huwa siizimi, uvivu tu. Nikapitisha macho kwenye mistari ya sauti, nikaona pale palipopanda kama mlima, nikajua hapo kacheka. Nikakata, nikapunguza mwendo kidogo, nikashusha sauti kidogo. Hiyo siri ya kazi nakupa bure: kicheko cha mtu mwenye furaha, ukikipunguza mwendo, ni cha shetani. Kikakaa mdomoni mwa Mama Pazia kama meno yake mwenyewe. Bosi akanipiga bega. Kazi ikaenda.

Mkataba wetu unasema sauti ya msemaji haihamishwi bila yeye kujua, anayehamisha anatafuta kazi kwingine. Bosi alikuwepo, lakini namjua bosi wangu. Mambo yakiharibika, hakuwepo.

Hapo ningenyamaza, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini mimi nina ugonjwa wa utani. Mtandaoni kuna kundi la mashabiki wa ile katuni, wanabishana kutwa kucha nani ni nani wa nani. Mmoja anasema Mpangaji ni mume wa kwanza wa Mama Pazia. Mwingine anasema ni kaka yake. Mwingine kaandika kurasa tisa, na michoro, kwamba Mpangaji ni Mama Pazia mwenyewe akiwa mzee. Mimi niko humo kwa jina la Sikio la Tatu. Siku ile sehemu ya saba ilipotoka, nikaandika mstari mmoja: "Sikilizeni baada ya ukuta kufunga. Mama gani huyo anacheka?"

Nikaenda kuoga. Niliporudi kulikuwa na majibu mia nne.

Wiki ya pili nadharia ilishasimama kwa miguu yake. Mama Pazia si mhanga, ndiye anayemlisha Mpangaji. Watoto aliwazaa kwa ajili hiyo. Ushahidi ni kicheko, tena kipo kwenye Kiswahili tu, kwa hiyo Waswahili ndio waliopewa ufunguo! Watu wakakipakua, wakakiweka kwenye simu kiwe mlio. Nilikuwa nacheka hadi kiti kinalia.

Wiki ya tatu mtu mmoja akaandika: "Mnajua mtia sauti wa Mama Pazia mtoto wake alianguka dirishani?"

Ni kweli. Miaka ishirini na minne iliyopita mtoto wa kiume wa Shangazi, wa miaka minne, alianguka kutoka dirisha la ghorofa ya pili. Shangazi alikuwa bafuni anafua. Binti yake mkubwa alikuwa shule, darasa la tatu, akarudi akakuta viatu vya watu vimejaa mlangoni. Studio tunajua wote na hatulisemi. Kule mtandaoni wakalisema. Wakaweka picha ya dirisha, sijui walitoa wapi, na juu yake wakaweka kicheko changu.

Asubuhi moja Shangazi akaingia hajavaa bangili kabisa. Akakaa kwenye kiti cha wageni, upande wangu wa kioo.

"Fundi, nikuulize kitu. Ile sehemu ya saba, mimi nilicheka?"

"Kwa nini, Shangazi?"

"Binti yangu kaniuliza kwa nini nilicheka. Nikamwambia sikucheka. Akanifungulia simu, nikajisikia nacheka. Nikamwambia tena, mwanangu, mimi sikucheka pale. Akaniangalia, Fundi. Akasema, 'Mama, nakusikia kwa masikio yangu unaniambia hukucheka. Sasa la dirisha nikuamini vipi?'"

Nikaweka hedifoni mezani.

"Anaondoka Jumamosi," Shangazi akasema. "Kapata ile kazi ya uuguzi nchi za watu, miaka miwili, mtoto haruhusiwi. Mjukuu wangu alikuwa abaki na mimi. Kitanda nimeshanunua. Sasa anasema atampeleka kwa mama wa yule mumewe wa zamani. Kule, Fundi, hata simu hawanipokelei. Miaka miwili mtoto wa miaka saba atanijua mimi nani?"

Nikamwambia ukweli. Sio wote. Nilimwambia nilikata kicheko chake cha mapumziko nikakibandika pale. La Sikio la Tatu nilimeza.

Nilidhani atanipiga. Akanishika mikono yote miwili, akaanza kulia kwa raha.

"Kumbe sijawa kichaa! Kumbe ni wewe, mwanaharamu wewe! Mwambie. Mwambie mwenyewe, mimi haniamini tena. Kile kipande kizima unacho?"

"Ninacho."

"Basi msikilizishe. Asikie nilikuwa nakunywa chai yangu nacheka mambo yangu. Kazi yako nitakutetea, bosi nitamwambia nilikuruhusu."

Akakumbuka kitu, akauliza, "Nilikuwa nacheka nini?"

"Utani wangu, kitu gani kingine."

"Upi?"

Nikamwambia hata sikumbuki. Mimi natania watu kutwa nzima. Kuniuliza nilisema nini mwezi wa tatu ni kama kumuuliza muuza maji kila glasi alimpa nani. Ningeweza kulifungua faili pale pale tukasikiliza wote wawili. Fundi yeyote wa sauti anajua, humwekei mteja kitu hujakisikiliza mwenyewe kwanza, hilo tunafundishwa wiki ya kwanza chuoni. Lakini msemaji wa zamu alikuwa mlangoni anasubiri, na Shangazi alishaanza kufuta miwani, ana furaha. Nikaacha.

Binti akaja Alhamisi saa nne. Mrefu, kafanana na mama yake mdomo tu. Shangazi alikuwa ndani ya chumba cha msemaji, upande wa pili wa kioo, nimemwambia akae huko tuzungumze wawili. Akampungia mwanawe mkono. Binti akatikisa kichwa, basi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Kaa. Hicho kiti kina mguu mmoja mkorofi, usiuamini."

Hakucheka. Nikamweleza yote: mdomo, pengo, daktari wa macho, bosi na pumzi zake. Alinisikiliza mikono imekunjwa kifuani.

"Mjomba, Mama kakutuma."

"Kanituma, ndiyo, lakini nasema kweli. Hii inaweza kunifukuzisha kazi."

"Wote wanaomfichia wanasema hivyo. Shangazi zangu wa kweli walisema hivyo hivyo wakati wa mdogo wangu. 'Alikuwa anafua, alikuwa anafua.' Mimi nilikuta beseni kavu."

"Uliangalia beseni siku hiyo? Ukiwa na miaka tisa?"

"Niliangalia kila kitu." Akatoa simu. "Kuna mtu huku anaitwa Sikio la Tatu. Sijui ni nani, hana faida yoyote, hamjui mama yangu. Ndiye wa kwanza aliyesikia. Huyo namwamini kuliko nyinyi wote."

Hapo ndipo pa kusema. Maneno matatu tu: ni mimi huyo. Nikafungua mdomo, nikasema, "Ngoja nikuwekee kipande kizima, uhukumu mwenyewe."

Nikamvalisha hedifoni, nikavaa za kwangu. Nikabonyeza.

Kwanza vikombe. Kijiko. Shangazi anauliza kama kuna sukari. Halafu sauti yangu, naitambua, ile sauti ya mtu anayejua atachekwa.

"Shangazi, nimepita kwenu asubuhi, nimemuona binti yako na masanduku. Ndoa ya pili nayo imekwisha?"

"Imekwisha, Fundi. Kanigongea saa kumi na mbili asubuhi, analia, kamshika mtoto mkono."

"Basi mtengenezee kadi kama ile ya mgahawa. Kila ndoa muhuri. Ya tatu akirudi, ya nne bure."

Na kicheko. Chenyewe, kwa mwendo wake wa kawaida, kikubwa, cha tumboni. Hakikuishia sekunde mbili na nusu, mimi ndiye niliyekikatia hapo. Kiliendelea. Halafu Shangazi, bado anatafuta pumzi:

"Ya nne mchukue wewe! Mimi nimechoka kumfungulia mlango. Kila nikisikia hodi najua ni yule na mabegi yake."

Tukacheka wote wawili, muda mrefu. Kijiko kikaanguka.

Nilitafuta kitufe cha kuzima kama mtu anatafuta miwani. Binti alikuwa ameshavua hedifoni, anaziweka mezani, taratibu, waya umekunjwa vizuri.

Nyuma ya kioo Shangazi alikuwa anatuangalia, hasikii chochote. Alituona tumesikiliza, tumemaliza. Akainua dole gumba kuniuliza, vipi, sawa? Akatabasamu na meno yote.

"Basi kweli hakucheka pale," binti akasema.

"Ndiyo nakwambia! Umeona sasa!"

"Alikuwa ananicheka mimi."

"Ulikuwa utani wangu, mwanangu. Mlaumu mtaniaji. Mama yako alicheka tu kwa adabu."

"Mjomba, ile ni adabu?" Akaangalia kioo, mama yake bado anatabasamu. "Mdogo wangu alipokufa Mama hakucheka tena nyumbani. Nilimwekea vichekesho, nilivaa nguo za baba, nikajipaka unga usoni. Hata kidogo. Miaka yote hiyo najua mama yangu hawezi kucheka. Kumbe anaweza vizuri kabisa."

"Mpe mtoto abaki naye," nikasema. "Kesi ya dirisha si imekwisha?"

"Imekwisha." Akachukua mkoba. "La dirisha, hata kama lilikuwa kweli, nilishaanza kufikiria namna ya kumsamehe. Ndiyo maana nilikuja. Hili hakuna hata la kusamehe, si kachoka tu? Aliyechoka na mimi atanilelea mwanangu wa nini? Asije naye siku moja akabisha hodi, akachekwa."

Hakumuaga mama yake. Ngazi zetu ni za chuma, unamsikia mtu hadi chini. Nikasikia hadi chini.

Jumamosi mtoto akapelekwa kwa bibi yake mwingine. Kitanda alichonunua Shangazi kipo bado, kina nailoni yake ya dukani. Jumatatu alikuja kazini kwa wakati. Bosi alikuwa na habari njema: mteja kaleta msimu wa pili, na waandishi wa kule wamesikia habari za nadharia yetu wakaipenda, sasa Mama Pazia ndiye anayemlisha Mpangaji, na atacheka kila sehemu. Mtandaoni walimshukuru Sikio la Tatu. Mimi sijaandika tena humo, lakini jina sijalifuta.

Bosi alipotoka, Shangazi akaja upande wangu. Akakaa kwenye kile kiti kibovu.

"Niwekee."

"Shangazi, achana nacho."

"Mwanangu kakisikia, wewe umekisikia. Niwekee."

Nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza chote mpaka kijiko kilipoanguka, mikono mapajani, macho kwenye mistari ya sauti inayopita kwenye kompyuta. Pale palipopanda kama mlima hakushtuka. Kilipokwisha akavua hedifoni, akafuta miwani kwa upindo wa khanga, akaivaa, akaniangalia vizuri kama mtu anayetaka kunikumbuka.

"Na utani wenyewe, Fundi," akasema, "wala haukuwa mzuri."

Akaingia ndani, akakohoa mara moja, akasubiri nibonyeze.