Ferney wa Kwenye Televisheni

Mimi ndiye niliyewaambia waitazame. Naanza na hilo lisije likapotea katikati ya maneno mengine.

Nina saluni huku juu kilimani, mtaa wa Las Ceibas, hapa mjini Cali. Viti viwili, drai moja, na televisheni kubwa ukutani. Wanawake wanakuja kwangu kupaka rangi na kubana roli, lakini nusu yao wanakuja kuniuliza watazame nini, maana tamthilia za mtandaoni zimekuwa nyingi mpaka mtu anachoka kuchagua kabla hajatazama chochote. Mimi sichelewi kuchagua. Dakika kumi za mwanzo zinanitosha. Nikisema muuaji ni mume, ni mume kweli. Nikisema mtalia, Jumatatu wanaingia macho yamevimba, wananitukana kwa furaha.

"Yolima, mshenzi wewe! Nimeshindwa hata kupika!"

"Nani alikutuma umalize sehemu nane kwa mkupuo?"

Akaunti ni yangu, ila tunaitumia watu watano. Mmoja wao ni Leyda, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, anayekaa nyumba ya nne kutoka kwangu na mama yake, Doña Edilma; Doña ndiyo Bibi kwetu. Mama ana miaka sabini na tisa, magoti yamemgomea, hatoki. Ni mimi niliyemfungia televisheni chumbani, nikamwekea ukurasa wenye jina lake, nikamfundisha vitufe kimoja kimoja mpaka akaweza.

Ferney alikuwa kaka yake Leyda, fundi pikipiki. Aliuawa mwaka tisini na tisa, akiwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa amemaliza kutengeneza pikipiki ya mteja, akaipanda kuijaribu mpaka kituo cha mafuta. Watu wawili waliokuwa wakimwinda mwenye pikipiki ile waliitambua pikipiki, hawakujisumbua kumtazama usoni aliyeipanda. Basi. Mtaa mzima ulijua hivyo, na mwenye pikipiki alihama wiki ile ile bila kuaga mtu.

Mwezi wa tatu ilitoka tamthilia mpya kuhusu Cali ya miaka ile, miaka ya bunduki na pikipiki. Nikaona nusu ya sehemu ya kwanza, nikaona imepigwa picha vizuri, nikatangaza saluni nzima: "Hii ndiyo. Acheni zote, shikeni hii."

Jumatano tukawa tunatazama sehemu ya pili pamoja. Doña Nubia nilikuwa nampaka rangi, mwanawe yuko kiti cha pili, Leyda amekaa chini ya drai na roli zake. Kwenye skrini kulikuwa na kijana fundi pikipiki anaitwa Wilmer, mwenye jino la mbele lililomeguka. Akaingia jikoni kwa mama yake, akagonga kifuniko cha sufuria mara tatu kwa kidole, akasema, "Jenerali, askari wako amerudi, na njaa inamuua."

Leyda akainuka na kujigonga kichwa kwenye drai.

"Rudisha nyuma," akasema.

"Leyda, utachoma nywele..."

"Nimesema rudisha nyuma, Yolima!"

Nikarudisha. Wilmer akagonga kifuniko tena. Leyda alikuwa amesimama, maji ya roli yanamchuruzika shingoni.

"Huyo ni kaka yangu," akasema. "Hayo ni maneno ya kaka yangu, aliyasema jikoni kwetu. Nani amewapa?"

Doña Nubia akasema kwa sauti ndogo, "Mbona basi ni vizuri, mwanangu, wamemkumbuka." Tukaendelea kutazama, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuzima. Sehemu ya pili ilipofika mwisho, Wilmer aliwasha pikipiki, mtu mwenye bastola akapanda nyuma yake, wakaenda kumuua mwalimu mmoja mlangoni mwa shule.

Leyda akang'oa roli moja moja, akaziweka mezani, akatoka na nywele mbichi.

Sasa niseme nililolifanya. Miaka minne kabla ya hapo alikuja hapa mtu kutoka mji mkuu, Bogotá, mwanamume wa makamo, mpole, anakatwa nywele huku anauliza habari za zamani. Akasema anaandika. Siku ya pili akaja na daftari. Nikamchemshia kahawa, nikampa pandebono za moto, vile vimikate vya jibini, nikamweleza habari za Ferney: jino, karakana, sufuria, Jenerali. Alikuwa anaandika kila neno, na mimi nikaona raha ambayo siwezi kuieleza. Maisha yangu yote nimesikiliza hadithi za watu wengine. Sasa mtu alikuwa anaisikiliza yangu. Kisha nikamweleza kifo chenyewe, jinsi kilivyokuwa, na kalamu ikasimama.

"Kwa hiyo walimfananisha tu?" akauliza. "Hakuhusika na lolote?"

Aliuliza kwa adabu, lakini nilimwona anatazama saa. Na mimi, ninayejua tamthilia ikianza kupooza mtu anafanya nini, nikasema, "Wengine wanasema alikuwa dereva wa wauaji. Anawabeba wakienda kazini, mama yake asijue."

Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo. Hata mmoja. Kalamu ikaanza kwenda tena.

Kwa muda wa wiki mbili baada ya Jumatano ile Leyda alimtafuta msaliti. Alihesabu watu waliokuwa wakiingia jikoni kwao enzi zile, na walikuwa wachache: mimi, shangazi yake aliyekwisha kufa, na mzee Arcesio, mwenye karakana, aliyekuwa akila kwao kila Jumapili.

"Ni Arcesio," akaniambia. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimeshika kitana, na niliuona uso wake kwenye kioo, na nilijiona mimi nyuma yake.

"Unafikiri?" nikasema.

"Nani mwingine? Wewe?" Akacheka. Alicheka kweli.

Nikachana nywele.

Siku hiyo hiyo alikwenda karakana. Sikuwapo, lakini nilisimuliwa na watu watatu, na wote walisema sawa. Alimsimamia yule mzee mbele ya wateja akamwita mla maiti. Akamwambia amemuuza mtoto aliyemfundisha kazi. Arcesio hakujitetea. Alipangusa mikono kwa tambara, akapangusa tena, akasema tu, "Binti, mimi ndiye niliyemwokota barabarani." Leyda akamjibu, "Na ukamhifadhi vizuri mpaka ukapata mnunuzi." Tangu siku hiyo Arcesio alikuwa akivuka upande wa pili wa barabara akimwona yeyote wa nyumba ile. Mzee wa miaka sabini na kitu, anavuka barabara kwa ajili ya ulimi wangu, na mimi nafungua saluni kila asubuhi, nasalimia watu.

Leyda alikuwa ameapa mama yake hataiona ile tamthilia. Alimwambia majirani wanatazama upuuzi fulani wa bunduki, mama asisumbuke nao. Doña Edilma akasema sawa.

Mimi ndiye niliyegundua. Asubuhi moja nilikuwa natafuta kitu cha kuwawekea wateja, nikafungua ukurasa wa Doña Edilma kwa bahati mbaya. Kwa kawaida pale kwenye safu ya "endelea kutazama" kulikuwa na tamthilia zake za mapenzi za Kituruki na vipindi vya mapishi. Sasa kulikuwa na kitu kimoja: ile tamthilia. Alama ilikuwa imesimama sehemu ya pili, dakika ya thelathini na moja. Kesho yake nikaangalia tena: sehemu ya pili, dakika ya thelathini na moja. Na keshokutwa yake. Ni pale Wilmer anapogonga sufuria. Mama alikuwa anamtazama mwanawe akiingia jikoni, halafu anazima.

Nikafunga saluni saa nne asubuhi, wateja wawili wakiwa mlangoni, nikaenda.

Alikuwa kitandani, mito mgongoni, rimoti juu ya blanketi. Picha ya Ferney, iliyokuwa ukutani juu ya kitanda miaka yote ninayoijua nyumba ile, haikuwapo. Palikuwa na alama nyeupe ya mraba.

"Mama, picha iko wapi?"

"Nimeiweka kabatini, mwanangu. Kaa."

"Kwa nini umeitoa?"

"Nilitazama mpaka mwisho mara moja. Yule mwalimu alikuwa na watoto," akasema. "Mke wake akiingia humu akaiona, atajisikiaje?"

Nilipiga magoti pale chini. Nikamwambia yote: mtu wa Bogotá, daftari, kalamu iliyosimama. Nikamwambia hakuna mwalimu, hakuna mjane, Ferney hakumbeba mtu yeyote, ni mimi niliyetunga kwa mdomo wangu kwa sababu nilitaka mtu aendelee kunisikiliza. Nililia mpaka sauti ikakatika. Yeye alikuwa ananipapasa kichwa kama mtoto.

"Wewe siku zote ulikuwa na moyo mzuri, Yolima," akasema. "Unanidanganya ili nipone."

"Mama, nilidanganya wakati ule! Sasa ndio nasema kweli!"

"Wao wamejuaje mambo ya sufuria? Walichunguza, mwanangu. Watu wale wanachunguza. Kama la sufuria ni kweli, hilo lingine watalitungia nini?" Akaichukua rimoti, akaifuta kwa kona ya blanketi. "Nilikuwa najiuliza mbona siku za mwisho alikuwa haongei mezani. Kumbe alikuwa na mzigo. Na mimi mama yake namwambia kula, kula."

Niligeuka kwa sababu nilisikia mbao za sakafu. Leyda alikuwa amesimama mlangoni, ana mfuko wa mkate mkononi. Sijui alifika tangu neno gani, lakini uso wake ulinionyesha ilitosha.

Sikupigwa. Nilitamani anipige. Alinipita, akaweka mkate mezani, akamwinua mama yake kidogo na kumpangia mito. Bila kunitazama akasema, "Nimemwita Arcesio mla maiti."

"Leyda..."

"Mbele ya watu. Na nilipomtaja kwako, wewe ulikuwa umenishika kichwa."

"Nisamehe."

"Toka kwa mama yangu."

Alikwenda kwa Arcesio jioni ile. Sijui alisema nini. Najua yule mzee hakumfungulia, akamsikiliza nyuma ya mlango, kisha akamwambia aende nyumbani, amesikia. Mimi nilikwenda siku tatu baadaye. Kwangu alifungua. Akaniuliza, "Yule mwandishi, ulimwambia Ferney alikuwa fundi mzuri?"

Nikajaribu kukumbuka.

"Hapana," nikasema.

Akafunga mlango.

Nilimwandikia mtu wa Bogotá barua nne. Ya mwisho ilijibiwa na ofisi: wahusika wote ni wa kubuni, na wananishukuru kwa kuwa mtazamaji wao.

Mwezi wa tisa Doña Edilma alimwomba padri amsomee Ferney misa. Miaka yote ilikuwa misa ya marehemu, ya kawaida, lakini safari hii aliomba ya toba. Leyda alimkatalia, wakagombana, mama akagoma kula siku mbili, na Leyda akakubali. Wakambeba kwenye kiti mpaka kanisani. Mimi nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Kanisa lilijaa, wengine walikuja kwa sababu ya tamthilia, nikawasikia wakinong'onezana ni yupi mama yake Wilmer.

Padri akasoma jina. Akaomba Mungu amsamehe Ferney Mosquera damu aliyoimwaga. Doña Edilma akasema amina kwa sauti kuliko mtu yeyote mle ndani, na uso wake ulikuwa umetulia. Leyda, pembeni yake, hakufumbua mdomo.

Kisha watu wote wakasimama kuimba, na mimi nikasimama nao.